Koshien ya 1939 na vijana waliochukuliwa na vita

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari Dar es Salaam, na nasimamia timu ya besiboli ya shule. Mashindano yetu makubwa tunayaita Koshien, jina tulilolichukua kwa Wajapani, hata uwanja wetu wa pale Azania una jina hilo. Juzi niliwaonyesha vijana video ya mechi ya Koshien ya Japani kwenyewe, iliyochezwa tarehe 15 Agosti. Ilipotimia saa sita mchana mchezo ukasimama, king'ora kikalia, wachezaji wakavua kofia, uwanja mzima ukanyamaza. Vijana wakauliza wanakumbukwa akina nani. Nikasema ni watu waliokufa vitani. Wakaniuliza tena kama kuna wachezaji wa shule, wenzao, waliokufa. Hapo nikakwama. Je, wapo? Majina yao yanajulikana? Na sisi kwenye Koshien yetu tufanye kama wao?

JIBU: Mwalimu, wapo, na ni wengi. Baadhi yao wanajulikana vizuri kabisa, na yupo mmoja ambaye ukiwasimulia vijana habari zake, mazoezi ya siku hiyo yatachelewa kuanza. Nitamfikia. Kwanza king'ora, maana hapo pana jambo la kunyoosha.

Kile king'ora hakipigwi kwa ajili ya wachezaji peke yao. Tarehe 15 Agosti 1945, saa sita mchana, sauti ya Mfalme Hirohito ilisikika redioni ikiwatangazia Wajapani kwamba nchi imekubali kushindwa. Tangu hapo, tarehe hiyo na saa hiyo ndizo za kuwakumbuka waliokufa. Mashindano ya shule ya kiangazi huchezwa Agosti, kwa hiyo saa sita ikigonga inawakuta vijana uwanjani, nao husimama hapo hapo walipo, mrushaji juu ya kilima chake na wakimbiaji kwenye bezi zao (vituo vya kukimbilia). Lakini Koshien, maana hilo ni jina la uwanja pia, inaidai vita kuliko viwanja vingi. Mwaka 1943 paa lake kubwa la chuma liling'olewa ili chuma kitumike vitani, na ndani ya uwanja, pale pale penye bezi, watu wakalima viazi.

Sasa huyo kijana. Anaitwa Shima Seiichi (kwa Wajapani jina la ukoo hutangulia). Alizaliwa mkoa wa Wakayama mwaka 1920, akasoma shule ya Kaiso huko huko. Mrushaji wa mkono wa kushoto. Mpira wake ulikuwa na kasi ya kutisha, ila shabaha ilikuwa inamtoroka pale alipoihitaji zaidi, na mwaka 1938 timu yake ilitolewa na Heian ya Kyoto, ambao ndio waliokwenda kubeba ubingwa.

Agosti 1939 Kaiso wakarudi. Walicheza mechi tano, na zote tano Shima alirusha mwanzo mpaka mwisho, jumla iningi 45 (mechi moja ina awamu tisa ziitwazo iningi), bila timu yoyote kupata hata pointi moja. Wapigaji 57 aliwatoa kwa straiki tatu, yaani walishindwa kuupiga mpira wake. Hiti (mapigo safi yanayomfikisha mpigaji kwenye bezi) alizopigwa katika mashindano yote ni nane, na zote ni za mechi tatu za mwanzo, kwa sababu kwenye nusu fainali dhidi ya Shimada hakupigwa hata moja, na kwenye fainali dhidi ya Shimonoseki hakupigwa hata moja.

Wewe unafundisha mchezo huu, kwa hiyo najua hapo umerudia kusoma. Wapo warushaji wa kulipwa, wanaolala na kuamka besiboli, waliostaafu bila kumaliza mechi moja ya namna hiyo. Huyu mwanafunzi alimaliza mbili mfululizo, tena zile mbili ambazo mikono ya kila mtu hutetemeka. Mwaka 1948 Fukushima Kazuo wa Kokura alifikia rekodi ya mechi tano bila kufungwa. Fainali bila hiti ilisubiri hadi 1998, alipokuja Matsuzaka Daisuke wa Yokohama, yule aliyekwenda baadaye kuchezea Boston. Kuyafanya hayo kwenye nusu fainali na fainali za kiangazi kimoja hakuna mwingine aliyeweza.

Baada ya Koshien hakwenda ligi ya kulipwa. Ligi hiyo ilikuwa changa, ilianza 1936 tu, na heshima ya besiboli ya Japani wakati ule ilikuwa shuleni na vyuoni. Akaingia Chuo Kikuu cha Meiji, Tokyo, akachezea timu ya chuo. Hapo ndipo vita ilipomkuta, na ili vijana waelewe ilimkutaje itabidi uwaeleze kidogo serikali ilivyoushika mchezo wenyewe.

Mwaka 1941 mashindano ya kiangazi yalifutwa wakati mechi za mikoani zimeshaanza. Mwaka 1942 wizara ya elimu ikayanyang'anya kutoka kwa gazeti la Asahi, lililokuwa likiyaandaa, ikaandaa ya kwake pale pale Koshien. Yalikuwa na timu 16 na kanuni ambazo kocha yeyote zitamsisimua mwili. Mpigaji hakutakiwa kukwepa mpira unaomjia mwilini, kwa sababu askari hakwepi. Mchezaji hakubadilishwa ila akiumia, kwa sababu askari haachi lindo lake. King'ora cha kuanzisha mechi kiliondolewa, ikapulizwa tarumbeta ya jeshi. Tokushima walishinda, wakiifunga Heian kwenye fainali iliyopita iningi tisa, lakini ubingwa wao haumo kwenye hesabu rasmi mpaka leo, maana yale hayakuwa mashindano yenyewe, yalikuwa ya wizara. Namhurumia sana yule kijana aliyeshinda kitu ambacho vitabu havikihesabu.

Wanafunzi wa vyuo walikuwa na nafuu moja: sheria iliwaruhusu wamalize masomo kwanza ndipo waende jeshini. Mwishoni mwa Septemba 1943 serikali ikatangaza kuifuta nafuu hiyo kwa wale wasiosoma sayansi na uhandisi. Ligi ya vyuo sita vya Tokyo ilikuwa imeshavunjwa miezi michache kabla. Sasa ikawa wazi kwamba wachezaji wataondoka wote kwa pamoja, tena haraka.

Vijana wa Keio wakataka mechi moja ya mwisho na Waseda, watani wao wa jadi, Simba na Yanga ya vyuo. Uongozi wa Waseda ukasita. Mzee Tobita Suishu, aliyeilea besiboli ya Waseda kwa miaka mingi, akasimama upande wa wachezaji, na mkuu wa Keio, Koizumi Shinzo, akaunga mkono. Koizumi alikuwa ameshampoteza mwanawe wa kiume jeshini mwaka uliotangulia. Tarehe 16 Oktoba 1943 mechi ikachezwa uwanja wa Waseda wa Totsuka. Koizumi alikataa kiti cha wageni wa heshima, akaenda kukaa katikati ya wanafunzi.

Waseda walishinda 10 kwa 1, na matokeo hayo yana sababu: wao waliendelea na mazoezi kipindi chote hicho, wakati wa Keio wengi walikuwa wamesharudi makwao kuaga wazazi. Mechi ilipokwisha hakuna aliyetoka. Upande mmoja ukaimba wimbo wa chuo cha wenzao, upande wa pili nao ukajibu kwa wimbo wa hawa, kisha wote pamoja wakaimba wimbo wa kijeshi wa wakati ule, wakaagana kwa kuambiana watakutana vitani. Siku tano baadaye, tarehe 21, maelfu ya wanafunzi waliandamana kwa gwaride kwenye uwanja wa Meiji Jingu, mvua inanyesha, bunduki mabegani, Waziri Mkuu Tojo akiwatazama.

Miongoni mwa waliocheza Totsuka upande wa Waseda alikuwamo Kondo Kiyoshi. Naye aliwahi kuwa kijana wa Koshien, akitokea shule ya biashara ya Gifu. Alipelekwa urubani wa jeshi la majini, na tarehe 28 Aprili 1945 aliuawa kwenye bahari ya Okinawa katika vikosi vya marubani waliotumwa kujigonga na ndege zao kwenye meli za Marekani.

Shule hiyo ya Gifu ilikuwa kama imeandikiwa msiba. Mrushaji wake Matsui Eizo alitwaa ubingwa wa Koshien mara tatu: wa majira ya kuchipua 1933 na 1935, na wa kiangazi 1936. Mara ya kwanza alikuwa bado mtoto. Akaenda Waseda, kisha akachezea timu ya kampuni, kama walivyokuwa wanafanya wengi waliotaka kubaki kwenye mchezo wa ridhaa. Aliuawa Mei 1943 nchini China, mkoa wa Hubei.

Hapo Hubei usipapite haraka mbele ya vijana. Matsui hakufa akiilinda Gifu. Alikufa ndani ya nchi ya watu ambayo jeshi lake lilikuwa limeivamia, na jeshi hilo liliua raia wa China kwa idadi isiyosemeka. Timu kutoka Korea na Taiwan nazo zilikuwa zinakuja kucheza Koshien miaka ile, kwa sababu nchi hizo zilikuwa makoloni ya Japani, na sisi tunalijua vizuri neno koloni. Mtu anaweza kumlilia kijana wa miaka ishirini na ushee bila kuitakasa vita aliyopelekwa. Sioni ugumu wowote wa kuyashika yote mawili, na vijana wa sekondari wana akili ya kutosha kuyashika. Kinachoniudhi ni zile simulizi tamu zinazodai kwamba walikufa kwa ajili ya besiboli. Hakuna aliyekufa kwa ajili ya besiboli. Besiboli ndiyo waliyonyang'anywa kwanza.

Nirudi kwa Shima. Desemba 1943 aliingia jeshi la majini, akasomeshwa mawasiliano ya redio, akawa afisa mawasiliano melini. Machi 1945 alikuwa kwenye meli ndogo ya kusindikiza, iliyoitwa kwa namba tu, 84, ikilinda msafara wa meli za mizigo uliotoka Singapore kurudi Japani. Kufikia wakati huo njia hiyo ilikuwa kaburi, nyambizi za Marekani zimejipanga pwani yote ya Vietnam. Tarehe 29 Machi nyambizi iitwayo Hammerhead iliizamisha meli yake. Siku tatu kabla yake alikuwa ametimiza miaka 25.

Sasa lile swali lako la majina. Hapa tatizo ni la wachezaji wa ridhaa dunia nzima, si la Japani tu. Chukua kiangazi kile kile cha 1939, Marekani. Julai, kijana Harry O'Neill aliingia kudaka mwishoni mwa mechi moja ya Philadelphia Athletics. Hakupata hata zamu ya kushika gongo, na hakucheza tena ligi kuu. Septemba, Elmer Gedeon alichezea Washington mechi tano, basi. Gedeon ndege yake ilitunguliwa Ufaransa Aprili 1944, O'Neill aliuawa Iwo Jima Machi 1945, wiki chache tu kabla ya Shima kuzama. Kati ya wote waliowahi kucheza ligi kuu ya Marekani, hao wawili ndio pekee waliouawa kwenye mapigano ya Vita vya Pili, na kwa hiyo kila mpenzi wa historia ya besiboli anawataja. Iningi chache za O'Neill zimempa jina la kudumu. Mwenzake aliyekuwa akidaka kila Jumamosi timu ya mji au ya chuo, pengine hodari kumshinda, akafa ufukwe ule ule, hayumo popote ila kwenye kabati la mama yake.

Japani nayo ilikuwa hivyo hivyo. Wa kulipwa walikumbukwa mapema. Sawamura Eiji, aliyekuwa Koshien kabla ya kwenda kulipwa na aliyekufa majini Desemba 1944 baada ya meli yake kupigwa, ana tuzo ya mrushaji bora inayotolewa kwa jina lake tangu 1947. Nje ya uwanja wa besiboli wa Tokyo Dome kuna jiwe lililowekwa 1981 lenye majina ya wachezaji wa kulipwa waliokufa vitani. Shima, pamoja na iningi zake 45, hakustahili kuwemo kwenye jiwe hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumlipa kucheza. Ilibidi kungoja hadi 2005 ndipo ukumbi wa heshima wa besiboli, humo humo Tokyo Dome, ukaweka ukumbusho wa wachezaji wa shule, vyuo na timu za kampuni waliokufa vitani, wenye majina zaidi ya 100. Mwaka 2008 Shima mwenyewe akaingizwa kwenye ukumbi huo, miaka 63 baada ya kifo chake.

Angalia lakini ni nani aliyekumbukwa: bingwa. Matsui, bingwa. Kondo, kwa kuwa alikuwamo kwenye mechi ya Totsuka. Yule mpigaji wa namba nane, mlinzi wa kulia wa shule iliyotolewa raundi ya kwanza mkoani, ambaye hata Koshien hakuiona kwa macho, huyo yuko kwenye orodha ya shule yake kama orodha hiyo haikuungua. Na nyingi ziliungua, maana miji ya Japani ilichomwa kwa mabomu mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo wakikuuliza vijana ni wangapi, waambie ukweli kwamba walikuwa wengi, na kwamba hesabu inayojulikana ni ya wale waliokuwa na rekodi.

Kuna jambo moja sikulitegemea kuliandika hapa, ila limenijia wakati natafakari kifo cha Shima. Februari 1944 meli ya askari iitwayo Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo, ikiwa na kikosi kizima cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 nyambizi ya Japani iliipiga karibu na Maldives na ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, wengi wao vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Walionusurika safari za namna hiyo walikwenda kupigana na Wajapani Burma, na wazee wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliporudi walikuja na jina hilo la Burma. Huenda baadhi ya waliozama walikuwa wamesoma shule za misheni, na shule za misheni zilikuwa na timu za mpira. Nani alikuwa kipa? Hatuna hata pa kuanzia kutafuta, na Wajapani angalau wana kwa kuanzia.

Ndiyo maana kwenye swali lako la mwisho jibu langu ni hapana. Msipige king'ora tarehe 15 Agosti. Tarehe hiyo ni ya Wajapani, ina maana yake kwao, na sisi tukiiga tutakuwa tunaigiza. Hata saa haitafaa, maana saa sita mchana ya Tokyo kwenu ni saa kumi na mbili alfajiri. Mkitaka siku ya kusimama kimya tunayo, Siku ya Mashujaa, 25 Julai. Vijana wenye babu au babu mkubwa aliyekwenda Burma waje na jina lake, lisomwe kabla ya mechi. Kama ni majina mawili tu, yasomwe hayo mawili.

Shima wasimulie siku yoyote, hahitaji tarehe. Anza na zile mechi tano na namba zake, wazibishie kwanza, wakokotoe wenyewe wapigaji 57 ndani ya iningi 45 maana yake nini kwa mkono wa kijana wa miaka 19. Wakishamkubali kama mchezaji ndipo uwaambie habari ya meli namba 84. Ukianza na meli watamhurumia tu, na huruma ya vijana wa kidato cha tatu haivuki kengele ya kipindi.

Na ombi langu kwako, Mwalimu. Karatasi zenu za matokeo naziona zikizunguka kwenye simu: "Juma P.", "Jonas", "Kaptein", halafu pointi. Andika majina matatu ya kila mchezaji, hata wa benchi, na shule, na tarehe, na nafasi aliyocheza, kwenye daftari gumu linalokaa ofisini kwa mkuu wa shule, si kwenye simu yako.